Meseji za Priska Huja Mbilimbili

Pale Newala, ukishuka kutoka sokoni kwenda bombani, kuna benchi la ubao ambalo mguu wake mmoja ni jiwe. Hapo ndipo kijiwe cha Dominika, mama Gerson, mwenye birika, mwenye kashata na mwenye habari. Na kwa kuwa habari zake hufika Mnyambe kabla ya basi, wanamwita Redio. Kijiwe kiliwekwa hapo kwa akili. Maji ya Newala hayana ahadi, kwa hiyo watu hupanga ndoo zao foleni tangu alfajiri, kisha huja kukaa benchini ndoo ziwasubirie. Ndoo ya mtu ni mtu. Hairukwi, haisukumwi, na mgeni akitaka kujua anamfuata nani huuliza tu, "Hii ya nani?" na mwenyewe humjibu akiwa na kikombe chake mkononi. Mzee Basil alikuwa akipanga ndoo mbili, ya buluu na ya kijani, vilevile kama enzi za mkewe, mama Priska. Mama Priska walimzika masika. Sasa ulikuwa msimu wa salfa, mikorosho inapuliziwa, na ile ndoo ya kijani ilikuwa haijakosa foleni hata siku moja. Benchi zima liliiona. Benchi zima halikuisema, hata Redio, na kwa anayemjua Redio hilo si jambo dogo.

Asubuhi hiyo Basil alifika na kishikwambi kwapani, kimeviringishwa kwenye kitambaa cha meza.

— Mama Gerson, nipe ya moto. Nikimaliza naenda kwa Filemoni fundi simu, akanizimie hili dudu.

— Limekung'ata?

— Bora lingening'ata. Meseji zinakuja mbilimbili. Tazama mwenyewe.

Dominika alikifungua kitambaa, akasoma huku midomo ikitembea, maana shule aliiacha mapema na midomo ndiyo inayomsaidia. "Shikamoo. Maji yametoka?" Na chini yake: "Shikamoo. Maji yametoka?" Akapandisha kwa kidole. "Umekula?" Halafu tena: "Umekula?"

— Za nani hizo? aliuliza Jafari. Jafari anaitwa Antena, kwa kuwa ujanani alikesha juu ya bati akishikilia antena ili mtaa mzima uone mpira, na yeye mwenyewe hakuona hata goli moja.

— Za Priska. Kishikwambi chenyewe kaninunulia yeye, kanitumia kwa basi kutoka Masasi, mshahara wake wa ualimu.

— Na za watu wengine?

— Za wengine moja moja. Za Priska tu, na zile za kampuni zinazonibembeleza ninunue mlio wa simu.

Antena akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, jua umekwisha.

— Hilo dogo. Sisi hapa tumekaa ukingoni. Ukisogea pale kwenye mteremko, simu inakukaribisha Msumbiji na hujavuka hata kijito. Sasa, meseji ya Priska inatoka Masasi mbio, inafika Newala, inashindwa kufunga breki, inaporomoka bondeni, inavuka Ruvuma. Wenzetu kule wanaitazama, wanaona si yao, wanairudisha. Ndiyo hiyo ya pili. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure.

— Basi ingerudi na Kireno kidogo, alisema Dominika.

— Inarudi imechoka, mama Gerson. Huoni imekaa chini ya mwenzake?

— Uongo mtupu! alidakia Kulwa. Kulwa wanamwita Pacha, kwa sababu pacha wake, Doto, yuko Tandahimba, na Kulwa hawezi kumaliza kikombe bila kumtaja. — Hicho kishikwambi kimezaliwa viwili. Mwenzake yuko mahali. Akipokea yeye, na hiki kinahisi. Mimi nikiumwa jino hapa, Doto kule hatafuni.

— Mwezi uliopita ulipougua tumbo nilikuwa harusini Tandahimba. Doto alikula ubwabwa sahani mbili. Nilimwona kwa macho haya.

— Alikula kwa uchungu, mama Gerson. Hukumwangalia usoni.

— Nilimwangalia sahanini.

Benchi likacheka mpaka lile jiwe likateleza, ikabidi Pacha ainuke alirudishe. Antena hakungoja atulie.

— Basi kama si Msumbiji ni salfa. Hewa yote imejaa vumbi la salfa. Meseji inapita juu ya mikorosho, inapaliwa. Na aliyepaliwa husema neno mara mbili, la kwanza halitoki vizuri.

— Na meseji za kampuni nazo zinapaliwa?

— Hizo ndizo zinazopaliwa zaidi. Kampuni inaongea mno.

Dominika aliona kwamba Basil hacheki. Amekishika kikombe kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto.

— Hamjui kitu, alisema Basil taratibu. Hakuna salfa wala Msumbiji. Mimi nimepiga kengele ya kanisa tangu ndevu hazijaota. Kengele ya kwanza ni ya watu wote. Ya pili ni ya wale waliolala. Basi mwanangu ananipigia ya pili. Kaona baba yake keshakuwa kiziwi, keshakuwa mtoto, neno moja halimwingii. "Umekula. Umekula." Mtu mzima unarudiwa hivyo?

— Umemjibu lakini?

— Tangu Jumapili sijamjibu. Anayejirudia anajitosheleza.

— Baba Priska!

— Na jana kaanza kuuliza aje Jumamosi. Mara mbili, vilevile. Najua anachokuja kufanya. Anakuja kunifungia mizigo, anipeleke Masasi nikakae kwenye kochi nitazame ukuta. Filemoni akizime tu, nipumzike.

Hapo Dominika akasahau hata kudai hela ya kashata aliyoikwapua Pacha. Alikijua kidonda hicho kilipo. Basil na binti yake hawakuwahi kuzungumza wao kwa wao, si kwa ugomvi, hapana. Njia yao ilipitia kwa mama. "Mwambie baba yako." "Mwambie mwanao." Mama Priska alibeba maneno kama alivyobeba ndoo kichwani, bila kata na bila kumwaga, na kila mmoja alifikishiwa lake limejaa. Baada ya mazishi wale wawili walibaki wametazamana kama watu waliopewa ndoo na hawajui kujitwisha. Kishikwambi hicho ndicho kilikuwa kijinjia pekee kilichobaki. Na leo kilikuwa kinakwenda kuzibwa.

— Usikizime kwanza, alisema. Subiri Jumamosi ipite.

— Hapana, azime, alisema Antena. Fahali wawili hawakai zizi moja. Meseji moja lazima ichinjwe.

— Wewe nyamaza, au nikupe meseji ya birika.

Basil alikuwa ameshaanza kukiviringisha kitambaa chake pale alipotokea msichana na mtoto mgongoni na ndoo mpya mkononi, karatasi ya dukani bado imeng'ang'ania ubavuni. Alikuwa Esha, aliyeolewa majuzi nyuma ya soko. Habari zake zote Dominika alikuwa nazo. Yeye tu ndiye aliyekuwa hana habari za mtu.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Samahani, mimi mgeni hapa. Kwenye foleni namfuata nani?

— Ya mwisho ile ya kijani, alisema Pacha bila kufikiri. Kisha akaufumba mdomo, lakini ndege keshatoka tunduni.

— Ni ya nani?

Antena akachungulia ndani ya kikombe kama kuna kitu kimezama. Dominika akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

— Ya mama Priska, alijibu Basil mwenyewe.

— Asante, baba. Na mwenyewe yuko wapi, nimjue sura? Foleni ikisogea nitamsogezea.

Benchi lililojua njia ya meseji mpaka ng'ambo ya Ruvuma halikuwa na jibu la mama Priska yuko wapi. Esha aliwatazama mmoja mmoja, akadhani amekosea adabu ya mji, akampapasa mwanawe mgongoni ingawa mtoto hakuwa analia.

Ndani ya kitambaa kishikwambi kikalia. Ting. Kikanyamaza kidogo. Ting.

Basil akakitazama. Kisha akageuza shingo akazitazama ndoo zake mbili kule bombani. Akarudi kwenye kishikwambi.

— Baba Priska, alisema Dominika polepole, simu ya marehemu uliipeleka wapi?

— Kwa Filemoni. Nilimpa zote mbili, yangu iliyopasuka na yake, nikamwambia vyote ahamishie humu. Kina matundu mawili ya laini. Yake nilikuwa naitia vocha isije ikafungwa. Sikuiwasha simu, naitia vocha tu. Ningeitupa wapi laini ya mtu?

— Na Priska, zamani, meseji alikuwa akimtumia nani?

— Wote wawili. Moja kwangu, moja kwa mama yake, maneno yaleyale, ili tusioneane...

Hakulimaliza neno. Antena akafungua mdomo kutoa nadharia nyingine, Dominika akamtia kashata.

Basi Priska hakuwa akijirudia. Alikuwa amepanga ndoo mbili, kama baba yake. Tangu masika anamwamkia mama, anamuuliza kama amekula, kama maji yametoka, na anajua hakuna mtu kule.

Basil akamgeukia Esha.

— Mama Priska alifariki, mwanangu. Foleni ikisogea, nishtue mimi.

— Pole sana, baba, alisema Esha, akaushusha uso. Wewe kaa tu. Nitazisogeza zote mbili.

Akaenda. Basil akakifungua kishikwambi magotini, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, akikibonyeza kwa nguvu kama anavuta kamba ya kengele. Dominika hakujificha, alisimama nyuma yake na birika, akasoma herufi zikitoka moja moja. "Njoo Jumamosi. Zote mbili zimefika."

Akaituma.

Dominika akataka kuwajazia watu vikombe, birika likatoa matone mawili na mashapo. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeondoka. Pacha alikuwa amemshika Antena mkono, na hakuna hata mmoja wao aliyeona.

Ting.

— "Nakuja baba," Basil akawasomea.

Wakasubiri. Ikachelewa, safari hii ikachelewa mno, mpaka Dominika akaanza kumlaumu Filemoni moyoni bila kosa lolote. Halafu ting.

Basil akakisogeza karibu na uso. Haikuwa sawa na ya kwanza, hilo Dominika aliliona kwa mbali, kwa urefu wake tu. Akarefusha shingo, akawahi neno la mwanzo, "Mama," na hapo Basil akakilaza kifudifudi juu ya paja, akakiwekea kiganja.

— Inasemaje hiyo? Antena alishindwa kuvumilia. Imepita Msumbiji?

— Haikupita popote. Imekuja moja kwa moja.

— Basi tusomee.

— Si yako, Antena. Na wala si yangu.

Akajifuta uso kwa kitambaa cha meza. Na ajabu ni kwamba Dominika mwenyewe hakuuliza. Habari nyingine zote za asubuhi ile zilikuwa Mnyambe kabla ya adhuhuri. Neno lile moja halikutoka kinywani mwake.

— Kwa Filemoni huendi tena? alimuuliza.

— Kufanya nini?

Kule chini bomba likakohoa, likatema hewa, likakohoa tena. Ndoo zikaanza kugongana, na sauti ya Esha ikapanda kilimani juu ya zote:

— Baba! Yametoka!

Benchi likainuka kwa pamoja, jiwe likateleza na hakuna aliyelirudisha. Basil peke yake alibaki amekaa kwenye ubao ulioinama, kidole kikitafuta herufi. Priska alikuwa ameuliza, na hajajibiwa tangu Jumapili.

"Yametoka," aliandika. "Tunasogezewa ndoo, zote mbili."