Mkuu wa Stesheni wa Kiwanda cha Sufuria

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, shemeji yangu mfiwa na watoto, naomba mniwie radhi kabla sijaanza, maana historia hii nitaisoma vibaya, familia ilitafuta msomaji mwenye sauti ya huzuni na suti isiyombana, akakosekana, karatasi ikaangukia kwangu mimi mdogo wa marehemu, mtu ambaye maisha yake yote amejitafutia riziki kwa kuchekesha watu jukwaani, kwa hiyo mkijikuta mmecheka mahali pa kulia mnisamehe, na mkilia mahali pa kucheka sitashangaa, watazamaji wangu wamenizoesha.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 11 Juni 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na bucha, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, muuza nyama, na marehemu mama yetu, mshona nguo, na mkunga aliyempokea alikuwa akisimulia kila alipotutembelea kwamba mtoto yule alitoka tumboni amekunja ngumi zote mbili, na alipokuwa akifutwa uso alirusha teke likampata mkunga kidevuni, akauma ulimi, hivyo damu ya kwanza aliyoimwaga kaka yangu duniani ilikuwa ya mtu aliyekuwa anamsaidia, na nasema kwa heshima zote, haikuwa ya mwisho.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, na huko ndiko alikounda treni yake ya kwanza, mabehewa yakiwa makopo ya samaki na magurudumu vifuniko vya soda, akaipeleka shule kuwaonyesha wenzake, kiranja mkuu akaikanyaga makusudi mpaka ikalala kama chapa ya kiatu, akasema, "Samahani, sikuiona," na kaka akamtandika ngumi moja iliyoondoka na meno mawili ya mbele, akamjibu kwa adabu ileile, "Samahani, sikuyaona," jambo lililomfanya baba atuchape wote wawili kwa mkanda wa bucha, yeye kwa kupiga na mimi kwa kucheka, na tangu siku hiyo kila mtu nyumbani alijua kwamba kaka anaweza kutukanwa, anaweza kunyimwa chakula, ila treni yake haiguswi.

Baada ya elimu ya sekondari alijiunga na chuo cha ufundi akasomea umeme, na tarehe 15 Januari 1979 aliajiriwa kuwa fundi umeme katika kiwanda cha sufuria, jengo refu lenye paa la bati ambamo mashine tatu za kukandamiza, wenyewe waliziita presi, zilishuka kwa kishindo juu ya mabamba ya alumini tangu asubuhi hadi jioni, kila kishindo sufuria moja, watu wakaongea kwa kupigiana kelele masikioni hata wakiwa nyumbani na wake zao, na sakafu ikatetemeka kiasi kwamba chai haikutulia kikombeni.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983 na shemeji yetu huyu, aliyekuwa mnyapara wa chumba cha kufungashia, na walivyokutana mnajua, kaka alikuwa akikabana koo na mchukuzi mmoja, wakaangusha mlima wa sufuria zilizokwisha kupangwa, shemeji akachukua mfuniko akampiga nao sikioni mpaka akaona nyota, akamwambia, "Okota moja moja, ukimaliza uniambie kwenu ni wapi, nije kukushitaki," kaka akaokota, akamwelekeza, shemeji akaja kweli kushitaki, na kwetu hakuondoka tena, Mungu akawajalia watoto wawili, binti yetu ambaye leo ni nesi, kazi aliyoianza akiwa mdogo kwa kumfunga baba yake bandeji, na kijana wetu fundi magari.

Mwaka 1991 ndipo alipoanza kazi iliyomfanya aitwe Mkuu wa Stesheni, alilaza duara la reli juu ya meza ya chumba cha mafundi umeme, reli za vipande vya chuma vilivyotupwa, na kichwa cha treni chenye mota isiyozidi ukubwa wa yai, kisha akatoboa ukuta, reli zikatoka zikaingia ukumbi mkubwa, zikapanda kwenye rafu juu ya presi zote tatu, zikavuka njia ya mikokoteni kwa daraja ambalo wachomeleaji walilifuma kwa nyaya kama kikapu, zikazama katika handaki la sufuria ya lita mia iliyopinda, zikatokea kwenye stesheni yenye taa, saa na benchi, wanawake wa kufungashia wakapaka rangi milima, mlinzi wa getini akachonga abiria kwa vizibo, mmoja akamchonga akiwa ananyanyua ngumi, kila mtu akajua ni nani.

Sasa hapa naomba tusikilizane, maana hapa ndipo maisha yake yalipogeuka, kaka alichukua umeme wa treni kutoka swichi kubwa ya presi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, ukiwashwa umeme presi ziko hai na treni inatembea, ukizimwa vyote vinalala, na pasipo mtu yeyote kufundisha wala kukataza, waendesha mashine wakazoea kutupa jicho juu, treni ikiwa imesimama wanaingiza mkono kutoa bamba lililokwama, wakafanya hivyo kwa miaka, mpaka tarehe 23 Machi 2004, siku ambayo tone la grisi lilidondoka kwenye reli mbele ya stesheni, kichwa cha treni kikateleza kikasimama, na rafiki yake kipenzi, mpambe wake wa harusi, mwendesha presi tunayemwita Chuma, akatazama juu akaiona imetulia, akapeleka mkono wa kulia ndani ya presi ya pili, presi ikashuka, na waliokuwepo wanasema kishindo kile hakikuwa cha alumini, kilikuwa cha kitu kibichi, na damu iliruka ikafika kwenye milima waliyoipaka wanawake.

Chuma alitoka hospitali mkono ukiishia kwenye kifundo, hakwenda kwake, alikuja moja kwa moja kiwandani na kipande cha bomba katika mkono uliobaki, akamkuta kaka amepiga magoti chini ya daraja na bisibisi, akamwambia, "Inuka kwanza, sipigi mtu aliyeinama," kaka akainuka, na yule mtu ambaye, ukimtoa shemeji, hakuwahi kupigwa bila kurudisha, hata na baba, hata na polisi, akaweka mikono nyuma, bomba likamvunja taya, likamvunja mbavu mbili, likamvunja mtulinga, akaanguka, akatema jino, na Chuma alipoliinua bomba kuelekea kwenye treni watu wote wakafumba macho, kaka akasema kwa mdomo uliojaa damu, "Vunja, ndugu yangu, ni haki yako," Chuma akasimama na bomba lake hewani, akasema, "Nivunje ili upate kusahau? Haivunjwi hii, utaitazama kila siku," akalitupa bomba, akatoka.

Juma lililofuata meneja wa wakati huo alitangaza kwamba mkono ule ulikatwa na treni, kwamba treni ndiyo mkosaji na itabomolewa, akaleta wabomoaji wanne wenye nyundo, mabega yao kama makabati, naye kaka alikuja taya ikiwa imefungwa kwa waya, hawezi kutukana, jambo lililomuuma kuliko mbavu, lakini aliyetangulia mlangoni alikuwa Chuma, akamwambia meneja, "Treni ilinidanganya tu, kilichonikata ni presi isiyokuwa na kinga, na kinga tumekuomba tukachoka, leo unataka ushahidi ugeuke takataka, kwa mkono wa nani?" meneja akasema, "Msukumeni huyo kilema," na neno hilo, waombolezaji, ndilo lililokuwa filimbi ya mchezo.

Sitaki kuwaongezea chumvi mbele ya jeneza, nasema yaliyothibitika, mbomoaji wa kwanza alipigwa kichwa na kaka puani, akaketi kwenye ndoo ya rangi, wa pili aliinua nyundo, wachomeleaji wakamning'inia kama nguo kwenye kamba, nyundo ikamwangukia mwenyewe vidoleni, wa tatu alikutana na shemeji akiwa ameshika sufuria ya lita ishirini kwa masikio yote mawili, akavishwa mpaka mabegani, kisha ikagongwa kama kengele, wa nne alijitahidi zaidi, akampasua kaka nyusi na kumng'oa Chuma jino kabla mlinzi wa getini hajamwangukia kwa mwili wake wote, na meneja aliyeanzisha yote alivutwa miguu kutoka chini ya stesheni, suti yake ikiwa na abiria watatu mfukoni, sijui alikuwa anawaokoa au anawateka nyara.

Kiwanda kikasimama, presi zikanyamaza, mwenye kiwanda akaja mwenyewe akatazama damu sakafuni na watu waliovimba nyuso, akauliza wanataka nini, Chuma akajibu kwa niaba ya wote, kinga kwenye kila presi, taa nyekundu kwenye kila presi, na treni ibaki kwa umeme wake yenyewe, yakafanyika yote matatu, meneja akaenda kusimamia kitu kingine mbali na watu, na chini ya rafu kukaandikwa kwa herufi kubwa, TRENI HAIJUI CHOCHOTE KUHUSU MASHINE, na tangu hapo hakuna mkono mwingine uliobaki ndani ya presi.

Marehemu alistaafu mwaka 2017, akaendelea kwenda kila Jumamosi, na mwezi Mei 2021 alipatwa na kiharusi kikampoozesha upande wa kushoto, tukadhani reli zimeisha, kumbe Chuma alikuja kumchukua, mmoja amebaki na mkono wa kushoto na mwingine wa kulia, wakaketi bega kwa bega kando ya daraja lile, huyu akishika reli huyu akikaza skrubu, wakitukanana mchana kutwa, "Shika vizuri wewe nusu mtu," "Nusu yangu inatosha kukuzibua," na wakimaliza walifungana vifungo vya mashati.

Kiharusi cha pili kilimwangusha tarehe 2 mwezi huu, akalazwa, akapigana na kitanda, akapigana na mirija, akamvunjia nesi wa zamu miwani kwa ule mkono mzima, na alichomwomba Chuma ni kimoja tu, treni isisimame, Chuma akamwahidi, kaka akafungua ngumi yake, akafariki alfajiri ya Jumanne tarehe 8, binti yake akiwa amemshika, ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na kilomita nzima ya kelele.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, hasa yule wa miwani, majirani ambao kwa miaka arobaini mmekuwa mkiamua ugomvi wake na leo mmekuja hata kama hakuna wa kuamuliwa, mwenye kiwanda aliyeridhia Chuma awe Mkuu mpya wa Stesheni, na wafanyakazi wote ambao jana mliomba mtu wa damu yake aendeshe safari moja ya heshima, mkanikabidhi mimi kile kitufe, nami nikakibonyeza kwa mbwembwe za jukwaani, treni ikaenda mbio ikaruka reli juu ya daraja, basi kaka, lala kwa amani, na ukisikia nyundo zinagonga kiwandani jioni ya leo usikunje ngumi, siyo wabomoaji, wale wanne walishindwa, ni Chuma na wenzake wanaliokota daraja nililoliangusha mimi kwa kidole kimoja.