Siti ya Mama

Kijiwe chetu kiko mbele ya karakana ya Sindano, fundi wa viti vya magari. Mimi ndiye muuza kahawa, kwa hiyo upuuzi wote wa hapa lazima upitie masikioni mwangu. Leo mlangoni limesimama gari la zamani la Dereva, lile lenye kisogo kirefu aliloachiwa na baba yake. Mama yake yuko hoi, na anataka kitu kimoja tu: apelekwe kwake shamba, apaone kabla hajafumba macho. Siti ya nyuma ilikuwa imekwisha, sponji inamwagika kama unga. Sindano akaweka sponji mpya, akaichomelea fremu kwenye bodi ili mama asitikisike. Halafu, kama kawaida yake, akatafuta mtu mwenye uzito wa abiria aijaribu. Akamkalisha Bonge, mnene wa kijiwe chetu, maana mama huyo sote tunajua alivyojaa. Leo asubuhi wakampakia mama. Hata kona hawakufika, akalia mpaka wakamrudisha ndani.

Dereva: — Ngumu, Sindano. Anasema umemkalisha juu ya jiwe.

Sindano: — Ngumu wapi? Bonge alilala humo!

Bonge: — Nilikoroma kabisa. Siti safi.

Dereva: — Mama amekonda, jamani. Namnyanyua kwa mkono mmoja.

Sindano: — Sasa mbona hukusema?

Dereva: — Ningesemaje? Mlivyokuwa mnamsifu alivyojaa, nilitamani iwe kweli.

Nikammiminia kahawa. Hakuigusa. Hapo Redio, ambaye hanyamazi mpaka alale, akaona zamu yake imefika.

Redio: — Itobolewe matundu hiyo sponji. Ipumue.

Bonge: — Matundu ya nini? Weka tyubu ya tairi, ujaze upepo.

Redio: — Upepo unarusha! Jaza maji, mama aelee.

Sindano: — Na Dereva akikanyaga breki?

Redio: — Basi hakuna siti. Tunafunga kamba darini, tunamning'iniza taratibu, hagusi kitu mpaka shamba.

Dereva: — Mama yangu si mkungu wa ndizi, Redio!

Kila mtu akaangalia kikombe chake. Mimi nilitaka kumpiga Redio kwa birika, Mungu anisamehe.

Dereva: — Nataka afike tu. Afike akiwa bado anaona. Ni kubwa sana hilo?

Sindano: — Si kubwa, ndugu yangu. Nakata nyingine, laini. Nitafutieni mtu mwepesi wa kuijaribu.

Tukaangaliana. Hakukuwa na mtu mwepesi kiasi hicho. Sindano akaanza kukata hivyo hivyo, kwa kukisia, na ndipo tukamwona dada yake Dereva akija peku, kanga imemteleza begani wala hana habari nayo.

Dada: — Kaka. Mama ametuacha.

Dereva akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Bonge akamshika bega. Dada hakulia. Alikuwa ameshalia njiani, ilionekana. Akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaipapasa siti mpya kwa kiganja.

Dada: — Wajomba wanasema azikwe huko huko shamba, na gari ni hili. Lakini sasa anakwenda amelala. Fundi, hii siti inatoka?

Sindano akaangalia pale alipochomelea. Mkononi nilikuwa na kikombe nilichokwisha kukijaza, na sikujua nimpe nani.