Aliyembatiza Mama Yenu

Sogeeni, wanangu, Clavery na wewe Jovitha, fungeni mlango wageni wa matanga wasitusikie, maana nina hasira, na sitaki kufa nayo.

Juzi tulimzika mama yenu, Kokugonza, hapo nje. Wewe Clavery ulisimama kaburini ukasoma wasifu wake: "Marehemu alibatizwa Kihanga mwaka 1941, na Mchungaji Galbraith." Nilitaka kuinuka kitini nikusahihishe, uzee ukanizuia.

Sikilizeni. Miaka kumi na miwili nimefuata nyayo za wachungaji wale Wapresbiteri waliokuja enzi za Mwingereza, kitabu kwa kitabu, kutoka Kihanga hadi Songambele, nikinakili lini walifika, lini waliugua, lini waliondoka. Galbraith alikwenda likizo kwao Uskoti mwaka 1938, vita ikamzuia huko, hakurudi hadi 1946. Mjukuu wake alinitumia nakala ya barua ambayo babu yake aliiandika akiwa kwao, na tarehe yake ni ileile ambayo kitabu cha ubatizo kinasema alikuwa Kihanga akimmwagia mama yenu maji. Mikono yake ilikuwa mirefu kiasi gani?

Aliyebatiza ni baba yangu, Ndyamukama, mwinjilisti asiyewekewa mikono ya uchungaji. Kwa Wapresbiteri, mtu wa namna hiyo habatizi. Lakini surua ilikuwa inamaliza watoto, mama zao wakimlilia mlangoni, naye akabatiza, miaka minane, watoto mia mbili na kumi na wawili. Na katika kila mstari akaandika jina la Galbraith, asije mtu akawaambia wale watoto kwamba maji yao yalikuwa ya bure. Hilo ni kosa lake, silifichi. Galbraith aliporudi aliuona mwandiko, akajua, akanyamaza. Leo kanisa lina jina lake ukutani, na baba yangu ameandikwa "mtunza funguo".

Nilimpelekea haya Adelard, mzee wa kanisa. Akacheka: "Mzee, unataka tubatizwe upya uzeeni, na bomba lenyewe halitoi maji?" Na wewe Clavery, damu yangu, ukasema, "Taata, tuyaache, watu wataanza kujiuliza kama ni Wakristo." Mficha maradhi kilio humuumbua! Mungu aliyesikia watoto wale wakiitwa majina yao hakudai cheti cha aliyewaita. Mama yenu amesali miaka themanini kwa maji yale. Nani atamwambia yalikuwa ya bure?

Kibanja hiki chenye makaburi nampa Jovitha, kisigawanywe wala kuuzwa. Ng'ombe walioko Kiruruma ni wako, Clavery. Sikunyimi kwa sababu ya hasira. Sanduku la nakala zangu ni lenu wawili, asilichome mtu. Jumapili, Clavery, utasimama kanisani usome upya mstari ule wa mama yako. Usimtukane Galbraith, alitibu vidonda vya wengi. Wakikuzuia, basi siku yangu msinipitishe kanisani kwao, nizikwe kutoka mlangoni hapa, Jovitha asome zaburi.

Nipeni maji kidogo... Basi, yatosha. Leteni mikono yenu. Mungu awalinde muingiapo na mtokapo, awape watoto wenye kusema kweli, msiogope mtu... Pumzi inapungua. Clavery, usingoje Jumapili. Soma sasa, nisikie. Mama yako alibatizwa na nani?

Kwa sauti, mwanangu... yuko hapo nje tu.