Mullai, Treni ya Baridi ya Madurai na Coimbatore

Ndugu wafiwa, waombolezaji, nanyi mliokuwa mkingoja treni nyingine mkajikuta msibani, msomaji wenu, Bwana Thangapandi, katibu wa chama cha abiria, anaomba radhi mapema kwamba historia hii ataisoma vibaya, kwa kuwa kazi yake ni kuchekesha watu jukwaani, hajawahi kuzika hata kuku, na mpaka sasa hana hakika kama marehemu amekufa.

Marehemu Mullai alizaliwa Jumatatu tarehe 11 Januari 2016, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, hapa hapa stesheni ya Madurai, akavishwa maua, akavunjiwa nazi, akawekewa ndimu za kukinga husuda chini ya magurudumu, mama yake akiwa kiwanda cha mabehewa cha Chennai, baba yake hajulikani, maana kila asubuhi kichwa kilichomvuta kilikuwa kingine.

Masomo aliyapata kwenye reli ya Palani, wiki sita za majaribio, akafaulu, akaajiriwa kupeleka wagonjwa, wanafunzi na wauza sari hadi Coimbatore kwa saa tatu na dakika ishirini, kwa ubaridi ambao hata mwezi wa Mei abiria walipanda na masweta, na maua ya kichwani ya akina mama yakafika mabichi kuliko wenyewe.

Mwaka huo huo alifunga ndoa na Bwana Masilamani, mhudumu wa mabehewa, aliyempangusa madirisha kwa kitambaa alichokifua kwa mikono yake, nguo za nyumbani akimwachia mkewe, Bibi Ponnuthai, ambaye hadi leo humwita marehemu mke mwenzangu. Ameacha mtoto mmoja, binti aliyezaliwa behewa la tatu tarehe 9 Agosti 2018, mwenye wazazi wake halali, ila ukimuuliza kwao wapi, anakuonyesha reli.

Alikata roho Ijumaa tarehe 3 Machi 2023, au hakukata, hapo ndipo tulipochanganyikiwa, kwa kuwa barua ya wakubwa inasema amesimamishwa kwa muda, ratiba mpya haina jina lake, mwenye kibanda cha chai anaapa alimwona stesheni ya Erode amepakwa rangi nyingine, na kipaza sauti cha stesheni kila asubuhi kinatangaza kwamba amechelewa. Leo ni siku ya kumi na sita, ya kumaliza matanga, na asubuhi kilisema amechelewa.

Kwa hiyo Bwana Masilamani amekuja kila siku na sare iliyopigwa pasi, akakalia begi lake, na mfukoni ana barua ya kuhamia treni ya Salem, ambayo asipoitia sahihi kabla ya saa sita mchana wa leo, kazi hana.

“Baba Selvi, tia sahihi,” Bibi Ponnuthai alimwambia jana jikoni. “Mke mwenzangu kafa.”

“Kafa kwa ugonjwa gani? Safari ya mwisho alikuwa anapoza vizuri, hata wewe ulitetemeka.”

“Nilitetemeka kwa hasira, baba. Ulimfunika yeye madirisha kwa pazia, mimi ukaniacha.”

“Basi kaka Thangapandi ausome huo ugonjwa mbele za watu,” alisema Masilamani. “Akiusoma, natia sahihi. Asipousoma, namngoja mtu wangu.”

Ugonjwa wenyewe ulianza mwaka 2019. Marehemu alizaliwa na vituo viwili tu njiani, kisha kila mwenye shemeji kando ya reli akaandika ombi, asimame na kwetu, dakika mbili tu, mkubwa fulani akaja kupunga bendera, watu wakala vitamu vya ladu, mpaka vikawa vituo kumi na kimoja, safari ikawa saa tano na nusu, mabasi yakampita, malori yakampita, na siku moja, karibu na Pollachi, mbuzi.

Tunawashukuru mafundi wa kiyoyozi waliompigania hadi pumzi ya mwisho, treni jirani zilizompisha, wauza bajia za vada, na wapiga tarumbeta wa leo. Lala, Mullai, na huko uliko asikusimamishe mtu.

Bwana Masilamani, kalamu hii hapa, saa ni tano na dakika arubaini, tia sahihi, kwa maana kituo cha kumi na moja, kile kisicho na paa, kiko nyuma ya nyumba ya msomaji huyu, ombi aliliandika yeye, na siku marehemu aliposimama pale kwa mara ya kwanza, msomaji alikuwa ameshafika nyumbani, kwa basi.