Fundi Aliyesema Bado Kidogo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko kazini, na ninyi mnaougua vitandani, Mungu awe nanyi. Punguzeni kidogo kelele za vyombo, tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi rangi tuliyemzika Jumanne. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu. Mapenzi yake yalikuwa mchezo wa kuigiza. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: alikuwa fundi rangi, na alipenda mchezo wa kuigiza.

Jina alilopewa na wazazi walilijua wachache. Wengi walimwita Bado Kidogo, naye aliitika.

Alilipataje jina hilo? Alikuwa na kikundi cha maigizo. Si kikundi cha mshahara, wasikilizaji. Ni watu na kazi zao: kinyozi, mpishi wa shule, fundi viatu, na dada wawili wauza vitambaa. Jioni, kila mtu akishafunga kazi yake, walikutana katika ukumbi wa chakula wa shule anakopika yule mpishi. Walisukuma meza ukutani wakaanza mazoezi. Bado Kidogo ndiye aliyeutunga mchezo, ndiye aliyeuongoza, ndiye aliyepaka rangi mandhari ya jukwaa. Hakusomea mambo hayo. Alijifunza kwa kutazama, kwa kukosea, na kwa kurudia.

Mazoezi yakiisha, wenzake walimgeukia. "Sasa tuwaonyeshe watu?"

Alifuta mikono kwa kitambaa, akatazama jukwaa, akatikisa kichwa. "Bado kidogo."

Mchezo wenyewe uliitwa *Nani Afungue*. Mtu aliyeondoka nyumbani kwa hasira anarudi baada ya miaka mingi. Anabisha hodi. Walio ndani wanaijua sauti yake, nao wanabishana nani akafungue. Ni hivyo tu. Mlango mmoja, watu watano, na hodi. Walioucheza wanasema kuna mahali unacheka, na kicheko hakijaisha unajikuta umenyamaza.

Na hapa pana jambo la kushangaza. Kazini mtu huyu hakuchelewa hata siku moja. Mama mmoja aliyepakiwa nyumba naye alituambia, "Akikuahidi Ijumaa, Ijumaa unakuta ndoo zimeoshwa na sakafu imepigwa deki." Rangi ya watu ilikauka kwa wakati. Ya kwake haikukauka.

Kinyozi ndiye aliyeigiza baba mwenye nyumba. Jioni moja alimtania mbele ya wote. "Bosi, tulipoanza mchezo huu mlinipaka unga kichwani nionekane mzee. Sasa unga wa nini? Nimefika mwenyewe."

Wakacheka, na Bado Kidogo akacheka nao. "Haraka haraka haina baraka," akasema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, kaka," mpishi akamjibu papo hapo. "Mimi ni mpishi. Matumbo nayajua."

Wasikilizaji wapendwa, sasa tumtazame mkewe. Yeye alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka hospitalini. Katika kikundi hakuwamo. Lakini nyumbani ndiye aliyeshika upande wa pili wa kitambaa mumewe alipopima pazia, na ndiye aliyesikia kila neno jipya kabla ya mtu mwingine yeyote. Kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka. Binti yao mkubwa alitueleza hivi:

"Mama hakuwa anausubiri mchezo. Alikuwa anausubiri uso wa baba. Alikuwa akisema, huyu watu wanamjua kwa ngazi na ndoo. Nyumba za watu anaziingia kwa mlango wa nyuma. Nataka nimwone siku moja watu wamesimama wanampigia makofi. Nimwone uso utakuwaje."

Hicho ndicho alichokitaka. Kuuona uso wa mumewe siku hiyo.

Kisha akaanza kuunguza mashuka. Ncha hapa, ukingo kule. Mwanzoni alidhani ni uchovu. Baadaye akawa anajigonga kwenye fremu za milango aliyoipita miaka yote. Akaenda kuonana na daktari. Jioni ile mumewe alikuwa mezani, anabandua rangi iliyokauka kwenye kucha.

"Fundi," mkewe akamwambia, maana ndivyo alivyomwita, "daktari kasema ni presha ya macho."

"Dawa ipo?"

"Ipo ya kuchelewesha. Kilichokwisha kupotea hakirudi."

Mume akaacha kucha zake. 

"Ule mchezo mtauonyesha lini?"

"Mama, tuache mchezo. Tuzungumze habari ya macho."

"Ndiyo ninayoizungumza," mkewe akasema.

Alielewa. Kesho yake jioni alifika ukumbini kabla ya wote akatangaza tarehe. Mwisho wa mwezi unaofuata. Mpishi aliinua mikono akamshukuru Mungu kwa sauti. Tangazo likabandikwa kwenye geti la shule. Bado Kidogo akatengeneza mlango mpya wa jukwaani, akaupaka buluu, akauegemeza uani ukauke. Mkewe akausogelea, uso karibu uguse mbao, akautazama kwa muda mrefu.

"Hii hii," akasema. "Usiiguse tena."

Juma moja kabla ya siku yenyewe waliusimamisha mlango jukwaani. Bado Kidogo akaenda kusimama nyuma kabisa ya ukumbi. Chini ya zile taa ndefu nyeupe, buluu yake ilionekana kijivu. Aliona mlango wa stoo. Hakuona mlango wa nyumba ambayo mtu ameikumbuka miaka mingi. Akaupaka upya. Haukumridhisha. Akaikwangua rangi, akapaka tena, na kwa maji na kukwangua huko mbao ikavimba. Mlango ukagoma kufunguka.

"Bado kidogo," akawaambia wenzake. "Nipeni wiki mbili tu."

Wiki mbili zile zikaangukia mitihani, ukumbi ukafungwa. Mitihani ikaishia likizo, mpishi akaenda kwao. Mpishi aliporudi, alikuta Bado Kidogo ameandika upya onyesho la mwisho, na maneno yote ya kujifunza ni mapya.

Msimdhanie vibaya, wasikilizaji. Hakuwa amemsahau mkewe. Kila asubuhi ndiye aliyemdondoshea dawa machoni. Siku moja, kwenye kiti cha kinyozi, aliyatoa ya moyoni. "Kama mchezo huu ndio kitu cha mwisho atakachokiona, ndugu yangu, naona vibaya kumwonyesha kitu chenye kasoro."

Kinyozi anasema alimjibu, "Bosi, watu hawaji kutazama mlango."

"Na wewe," Bado Kidogo akamwuliza, "mteja ukimnyoa upande mmoja, utamwachia aende?"

"Jibu la swali hilo?" kinyozi alituambia. "Mpaka leo nalitafuta."

Siku ikafika hatimaye. Ukumbi ulijaa, wengine walisimama madirishani. Mlango ulifunguka vizuri, na rangi yake, kila aliyeiona aliisifu. Mkewe aliingia ameshikwa mkono na binti yake. Wakati huo alichoweza kujua ni upande ulipo mwanga. Dirisha aliweza kulielekea. Uso wa mtu hakuuona tena, hata ukiwa mbele yake.

Mahali pa Bado Kidogo palikuwa kando ya jukwaa. Hakukaa huko. Alikuja kuketi kwenye benchi, ubavuni mwa mkewe, akaanza kumnong'oneza. Sasa kinyozi anauendea mlango. Sasa ameghairi. Sasa dada mtu anamvuta shati.

"Nyamaza, fundi," mkewe akamwambia. "Nasikia."

Watu walicheka palipotakiwa kuchekwa. Watu walinyamaza palipotakiwa ukimya. Mwisho walisimama wote, mabenchi yakakwaruza sakafu, makofi yakajaa ukumbini. Kutoka jukwaani mpishi alimwita kwa mkono. Bado Kidogo hakuinuka.

Yaliyofuata tuliambiwa na mkewe mwenyewe, na tunayarudisha kwenu kama alivyoyasema:

"Nikamwambia, nenda, wanakuita wewe. Hakwenda. Basi nikainua mkono nimguse, nijue uso umekuwaje. Akaugeuza. Nilijua analia, na alikuwa anaona haya. Lakini mwanangu, macho yalikuwa yamekwisha kuondoka. Na mkono nao akaunyima."

Baada ya hapo Bado Kidogo hakuonyesha mchezo mwingine. Kikundi kilimfuata nyumbani mara kadhaa. Aliwakaribisha, akawapa viti, akazungumza nao habari za kazi. Wakigusia mchezo, alisema hana nafasi. Fundi viatu akaacha kuja, wale dada nao wakaacha. Meza za ukumbini zilibaki mahali pake.

Binti yake anakumbuka siku moja alimpelekea chakula kazini, akamkuta juu ya ngazi, brashi mkononi, hapaki. "Nikamwuliza, baba, kuna nini? Akaniambia, ile buluu ya kwanza haikuwa na kosa. Kisha akaendelea na kazi. Hakulisema tena."

Kifua kilimsumbua mwaka huu wote. Alilazwa, na siku zake za mwisho mkewe alikaa naye wodini, katika hospitali ileile alikopiga pasi mashuka. Mume alikuwa hawezi tena kujigeuza bila kusaidiwa. Mkewe akaweka mkono usoni pake, akaupitisha polepole, paji, mashavu, kidevu.

"Nilimshika hivyo mpaka akaondoka," alisema. "Ulikuwa uso wa mtu mgonjwa, umekwisha. Nampenda, na namshukuru Mungu kwa hata huo. Ila sitawadanganya watu kwenye redio. Sio ule niliouomba."

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa binti zake na wajukuu. Pole kwa kinyozi, kwa mpishi, na kwa wote waliosukuma meza zile. Mungu ampe pumziko fundi wetu.

Nasi tuliobaki tujitazame. Pengine nawe una kitu unachokitengeneza kwa mikono yako baada ya kazi. Wimbo, mchezo, nguo, hata neno la msamaha. Unakipaka, unakikwangua. Ni vizuri kupenda kazi njema. Lakini yupo anayekisubiri, na huyo hasubiri kama mbao zinavyosubiri. Mungu hutupokea tukiwa na kasoro zetu zote. Leo kabla hujalala, omba moyo wa kukitoa ulicho nacho na kasoro zake, huyo anayekisubiri angali anaweza kukiona.

Na wewe, mama. Binti yako ametuambia redio hii huizimi tangu msiba. Basi tunajua unatusikia. Watu walisimama siku ile, mama. Walisimama wote, na wengi walikuwa wamemgeukia yeye. Waliouona uso wake wapo. Tumewaomba waje nyumbani, mmoja mmoja, wakueleze ulivyokuwa. Tunajua kuelezwa si kuona.

Pole, mama. Pole sana.