Kadi Iliyotibu Ng'ambo ya Mpaka

Wapendwa, waliosimama hapa kabla yangu wamesema maneno matamu kuhusu kusamehe. Mimi nitawaambia yangu jinsi yalivyokuwa, na mzee wangu aliyeketi pale nyuma anayajua yote.

Mnajua mimi ni Mtanzania. Tulikuja Thika na mume wangu tukiwa vijana, tukafanya kazi kiwandani mpaka tukastaafu, tukabaki Makongeni. Watoto wameoa na kuolewa huku, wajukuu wanatuita guka na cucu, yaani babu na bibi kwa Kikuyu. Kurudi kwetu hatukutaka. Lakini kazi ilipokwisha, matibabu ya kiwanda nayo yalikwisha, na mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari.

Ndipo akaja ajenti wa bima. Jina lake nitaliacha. Tulikuwa tukisali naye kanisa moja, yeye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Alikunywa chai yangu, akatandaza karatasi za Kiingereza mezani.

Nikamuuliza, "Sisi ni wageni hapa, na mzee ana sukari. Hii itatufaa?"

"Mama, hii ndiyo ya wageni hasa," akasema. "Weka sahihi hapa. Mkiugua, onyesheni kadi tu."

Nikaweka. Ndugu zangu, nawaambia, kosa hilo ni langu. Sikusoma, wala sikumpa mtu anisomee. Nilimwamini kwa sababu aliimba vizuri.

Mwaka uliofuata mzee alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kikakataa kupona, kikaanza kunuka. Tukaenda hospitali na kadi yetu. Karani akaisoma, akairudia.

"Mama, hii inatibu Tanzania peke yake."

Nilimfuata ajenti ofisini kwake Ruiru. Hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka jiwe.

"Ile ya Kenya ingetaka mzee apimwe kwanza," akasema, "na kwa sukari yake wangemkataa. Nilikusaidia, mama. Mpeleke kwenu."

Tukampeleka. Tulipofika Moshi, daktari aliinua shuka, kisha akanitazama mimi badala ya mgonjwa. Mguu ulikatwa chini ya goti.

Niliporudi sikuwa na sala mdomoni. Nilikuwa na hasira, nikailea kama mtoto. Mwalimu mstaafu wa kule Juja alinisomea ule mkataba mstari kwa mstari, hadi nikajua mahali pa kutazama. Kisha nikaanza kumfuata yule bwana. Nikisikia amekunywa chai Githurai kwa wazee fulani, kesho yake nami nipo, kwenye kiti kile kile. Niliwaachia maswali matatu. Bima hii inatibu nchi gani? Ugonjwa nilio nao tayari umo au haumo? Nikifika umri gani itanitupa? Nikawaambia, ayajibu kwa maandishi na atie sahihi yake.

Siku moja alialikwa kuzungumza na wastaafu Ruiru. Ukumbi ulijaa. Nilimwacha aseme mpaka mwisho, kisha nikasimama, nikamsimamisha na mzee kwa magongo yake, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kufungwa kwa pini. Nikauliza yangu matatu. Akaanza kujibu kwa Kiingereza.

Mzee mmoja akamwambia taratibu, "Kijana, sema tusikie sote."

Alikusanya fomu zake, hata moja haijajazwa, akatokea mlango wa jikoni. Niliona raha, wapendwa. Sitawadanganya kanisani.

Baada ya miezi michache alikuja Makongeni. Kampuni ilikuwa imemwachisha kazi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama, sasa inatosha. Nisamehe."

Mzee akamsamehe palepale. Mimi nilimwambia, "Chai ipo, ingia unywe. Lakini siku utakayouza bima tena, nitajua, na nitakuja."

Namshukuru yule mwalimu, aliyetutafutia bima inayotibu hapa Kenya. Walitungojesha mwaka mzima kabla ya kuikubali sukari, lakini walituambia mapema, kwa maandishi. Nawashukuru akina mama walioosha kidonda bila kuziba pua. Na wewe unayezeekea ugenini, usimpe mtu sahihi yako kwa sababu mnasali pamoja. Sala ni sala, mkataba ni mkataba.

Mchungaji ameniomba nimwombee yule bwana, nami ninamwombea kila Jumapili apate kazi. Naomba tu isiwe ya bima.