Sindano ya Shavuni

Mwaka wa hamsini na nne, Bunda nzima walisema sindano ya shavuni inaua uso. Pelagia alipanda basi la kwenda hospitali ya Musoma na neno hilo kichwani. Bintiye Getruda alijifunika kanga, maana hata upepo ukimgusa shavu, maumivu humchoma kama msumari wa moto.

Mbele yao fundi cherehani, Hamduni, alikuwa akibishana na mama mmoja muuza dagaa. "Mimi nilikuwaga kama binti huyo miaka mitatu, mama. Nikang'oa meno manne, yote mazima. Kumbe ni mshipa wa fahamu. Daktari alipitisha sindano hapa, akatia spiriti. Hakunipasua. Jioni nikala sato mzima."

"Lakini shavu limekufa, baba. Umeungua mdomo na hujui."

"Ni chai ya moto iliyoniunguza. Afadhali shavu lililolala kuliko lile lililonilaza chini."

"Spiriti ni ya taa. Mimi siingizwi."

"Na gongo je, mbona unajiingizaga mwenyewe?"

Abiria wakacheka, mama akanuna. Basi likasimama Musoma hawajamalizana. Pelagia akamshika bintiye mkono, wakaenda hospitali, Getruda akachomwa sindano ileile. Tangu siku hiyo Getruda alinawa uso bila kulia, na mama yake alimwombea fundi yule kila Jumapili.

Mwenye mgonjwa wa hivyo asikubali ang'olewe meno mazima. Asimchanje shavu. Baada ya sindano, mgonjwa asinywe chai bila kuipima kwa kidole. Asitafunie upande uliolala. Asifikiche jicho la upande huo hata likiingia vumbi, kwa sababu likiumia halitamwambia.